Gari Linakula Oili? Pima Kwanza Kabla ya Kufungua Injini

"Ringi zimekwisha hizi, ami. Tushushe injini tu."

Hayo niliambiwa katika gereji moja hapa kisiwani Mombasa, fundi akiwa hajashika hata spana. Alitazama moshi nilipowasha gari, akachomoa kijiti cha oili, akataja bei. Wakati huo Probox yangu ilikuwa ikinywa lita nzima ya oili kila kilomita 900 hivi, nami huzunguka kila siku kati ya Mtwapa na Ukunda nikipelekea maduka mizigo. Nilikaribia kukubali, ila pesa aliyotaja sikuwa nayo. Basi nikaanza kutafuta mwenyewe, kidogo kidogo, nikianzia penye gharama ndogo. Ugonjwa ulikuwa sehemu mbili, na ringi haikuwa mojawapo.

Oili haipotei kwa miujiza. Ama inavuja nje, ama inachomeka ndani. Ile inayochomeka hupita kwenye njia ya kupumulia injini, au kwenye sili za vali (vipira vinavyozuia oili isiteremke kwenye silinda), au kwenye ringi za pistoni (pete zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda), na kwa magari yenye tabo, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, hupita hapo pia. Kila njia ina dalili zake, na kuzisoma hakuhitaji mashine ya bei ghali. Kunahitaji subira na mpangilio. Mpangilio nao una sababu yake: kuna kitu cha shilingi mia kadhaa kinachoweza kuleta moshi uleule unaoletwa na ringi mbovu, na ukianza na ringi utalipa kwanza kazi kubwa halafu moshi ubaki palepale.

Hatua ya 1: Jua gari linakula kiasi gani

Neno "sana" halimsaidii fundi. Unahitaji namba.

Liegeshe gari mahali tambarare. Ua wenye mteremko utakudanganya. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, maana usiku kucha oili yote imeshuka kwenye sampu, bakuli lililo chini ya injini. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Kitazame pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja unaonyesha juu zaidi kwa sababu oili imejipaka kwenye bomba wakati kijiti kinatoka. Shika ule unaosoma chini.

Jaza mpaka alama ya juu, na usiipite. Oili ikizidi, kranki, mhimili unaozunguka chini ya injini, huipiga ikatoka povu, mvuke wake ukavutwa kwenye injini na kuchomwa. Nimewaona wenye magari wakiongeza nusu lita ya ziada "ili ikae muda", na hiyo nusu lita ndiyo ya kwanza kwenda na moshi.

Sasa andika kwenye daftari tarehe, kilomita na aina ya oili. Endesha kilomita 1,000. Kila ukiongeza, ongeza kwa chupa yenye vipimo, uandike mililita. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita 1, kwa hiyo ukikuta kijiti kiko nusu, umepungukiwa na karibu nusu lita.

Watengenezaji wengi husema lita 1 kwa kilomita 1,000 bado ni kawaida. Mimi sikubaliani nao kwa gari la kazi ya kila siku. Gari lenye miaka kumi na tano likila robo lita kwa kilomita 1,000, mimi huliacha, naangalia tu kijiti. Nusu lita, naanza kutafuta. Lita nzima, sisubiri wiki ya pili.

Kwa sisi wa Mombasa kuna jambo la kuongeza kwenye daftari: foleni. Ukikaa saa nzima Likoni ukingojea feri huku injini inanguruma kwa ajili ya eisii (kiyoyozi), oili inaendelea kuchomeka na kilomita hazisogei. Mtu wa Nyali na mtu wa Likoni wanaweza kuwa na injini zenye hali moja na hesabu mbili tofauti. Basi andika pia siku za foleni ndefu.

Na wakati wote wa kupima, usingoje taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Taa ile hupima presha, haipimi kiasi. Ikiwaka, huenda beringi zimeshaanza kusagika.

Hatua ya 2: Tafuta uvujaji

Tandaza kadibodi kubwa chini ya injini usiku, uandike juu yake wapi ni mbele na wapi ni upande wa dereva. Asubuhi soma madoa. Maji safi yasiyo na rangi yanayodondoka karibu na miguu ya abiria ni ya eisii. Kwa unyevu wa pwani hudondoka mengi, na watu hushtuka bure. Mafuta mekundu huenda ni ya gea boksi ya otomatiki au ya stelingi. Ya kahawia au meusi, yanayoteleza na kunuka moshi, ndiyo ya injini.

Kadibodi ikibaki safi, usiseme bado kwamba hakuna uvujaji. Uvujaji mwingine hutokea injini ikiwa imepata moto na presha tu, oili ikaangukia bomba la moshi na kuungua kabla haijafika chini. Ukisimama kwenye taa za barabarani ukasikia harufu kama ya sufuria iliyosahaulika jikoni, hiyo ndiyo.

Njia yangu ni hii. Injini ikiwa baridi, funika alteneta, koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) na mdomo wa hewa kwa nailoni, kisha safisha injini kwa brashi na sabuni ya kuondoa grisi. Usiipige maji ya presha. Ikikauka, nyunyiza poda nyeupe, hata ile ya mtoto, kuzunguka maungio: ukingo wa tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), mbele penye puli ya kranki, pembeni ya oili filta, kwenye swichi ya presha ya oili, na mahali injini inapoungana na gea boksi. Endesha nusu saa, urudi na tochi. Oili inapotoka, poda inageuka tope la kahawia, na mstari wake unakupeleka juu mpaka chanzo. Fuata juu daima, kwa sababu upepo wa barabarani hurudisha oili nyuma, na mahali palipolowa zaidi huenda si panapovuja.

Kuna kosa moja nalionya kwa sababu nililifanya. Nilipotoa koili nilikuta shimo la plagi namba 3 limejaa oili, nikaamini pistoni imekufa. La. Oili iliyo *juu* ya plagi, ndani ya kisima chake, hutoka kwenye mpira wa tapeti kava uliokakamaa. Haichomeki, ingawa inaweza kuharibu koili na kuifanya injini ikwamekwame. Inayotuhusu ni iliyo kwenye *ncha* ya plagi, ndani ya silinda.

Ukiwa hapo, fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta ute mwingi mweupe kama uji, na maji ya rejeta nayo yanapungua au yana mafuta juu, hilo ni tatizo la hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, na lina njia yake. Usiendelee kuendesha.

Hatua ya 3: Angalia injini inavyopumua

Hapa ndipo nusu ya ugonjwa wangu ilipokuwa, na ndipo mafundi wengi huruka.

Kila injini huvujisha gesi kidogo kupita ringi kwenda chini kwenye sampu. Gesi ile ikikosa pa kutokea hujenga presha, kwa hiyo kuna vali ndogo, PCV, inayoirudisha kwenye hewa inayoingia ili ichomwe. Vali ikiziba, presha husukuma oili nje kwenye kila gasketi na kuipitisha kwenye sili. Ikikwama wazi, huvuta mvuke wa oili kupita kiasi. Kwa namna zote mbili gari linakula oili, na ringi hazina kosa.

Kwenye Probox yangu imekaa kwenye tapeti kava, na mpira wake unaelekea kwenye manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Vipimo ni hivi. Injini ikinguruma gari likiwa limesimama, toa kifuniko cha oili na uweke glavu ya mpira juu ya mdomo. Ikivutwa ndani kidogo, pumzi iko sawa. Ikivimba kama puto, presha imezidi. Kisha chomoa vali, uiweke kidole mwishoni injini ikiendelea kunguruma. Unapaswa kuhisi mvuto. Zima, itikise karibu na sikio. Nzima hulia *tik tik*.

Yangu haikulia chochote. Nilipoipangusa kwa kitambaa ilitoka lami nyeusi, ngumu kama gundi ya kiatu, na mpira wake ulikuwa umekakamaa hata ukavunjika mkononi. Nilinunua vali mpya na kipande cha mpira wa mafuta. Mpira wa maji hauwezi mvuke wa oili. Kutoka lita kwa kilomita 900 nikafika lita kwa kilomita 2,000 na kidogo, bila kufungua injini.

Vali mpya ikiwekwa na glavu bado inavimba kwa nguvu, gesi inayopita kwenye ringi ni nyingi kuliko vali inavyoweza kubeba. Liandike hilo, litakufaa kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Soma moshi, na barabara zetu zitakusaidia

Moshi mweupe mwepesi asubuhi, pamoja na matone ya maji kwenye bomba, ni unyevu tu. Mweusi ni petroli nyingi. Wa oili ni wa buluu, na una harufu kali inayokwaruza koo. Rangi pekee haitoshi, kinachosema ni *wakati* unapotoka. Mwombe mtu akufuate nyuma kwa pikipiki au gari lingine, maana kwenye kioo hutaona vizuri.

Kipimo cha kwanza ni cha asubuhi. Gari limelala, unawasha, wingu moja la buluu linatoka, halafu baada ya sekunde chache bomba liko safi. Hizo ni sili za vali. Usiku oili imedondoka tone kwa tone kupita kwenye shina la vali na kusubiri juu ya pistoni.

Cha pili ni feri. Umenguruma kwenye foleni muda mrefu, kisha unakanyaga mafuta kusogea. Injini inaponguruma polepole, manifoldi huwa na mvuto mkubwa, na mvuto huo hunyonya oili kwenye sili zilizokakamaa. Pumzi ya buluu unapoondoka, kisha safi: sili za vali tena. Mimi nilionyeshwa na kijana wa mkokoteni pale Likoni. Alinigongea boneti, akasema, "Mzee, kila ukiondoka waniachia wingu, halafu lakatika."

Cha tatu ni mwinuko wa Mazeras. Kutoka Miritini ukipanda, injini iko chini ya mzigo. Moshi wa buluu unaotoka mfululizo kwa kadiri unavyokanyaga ni wa ringi. Wakati wa kurudi, shuka ukiwa umeachia mafuta na gari liko kwenye gea, halafu mwisho wa mteremko ukanyage. Wingu likitoka hapo tu, rudi kwenye sili au gaidi za vali, yaani vibomba vinavyoongoza shina la vali.

Lakini usione bomba safi ukasema oili haichomeki. Katalitiki iliyo hai, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba, inaweza kumeza moshi wote na kukuficha lita nzima. Itakuficha kwa miezi, kisha yenyewe izibe.

Hatua ya 5: Plagi

Zitoe zote, uzipange kwenye kadibodi kwa namba ya silinda. Ncha ya kahawia nyepesi, iliyokauka, ni salama. Nyeusi kavu kama masizi ya jiko ni petroli. Nyeusi inayong'aa na kulowa, au yenye magamba ya majivu, ni oili. Plagi moja ikiwa hivyo na nyingine tatu safi, tatizo liko kwenye silinda ile. Zote nne zikilingana, fikiria PCV au uzee wa jumla.

Hatua ya 6: Kompresheni, kavu na mbichi

Gereji nyingi zina geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na ukikuta fundi anataka kushusha injini bila kuipima, chukua funguo zako. Simama karibu uone inavyofanywa. Injini iwe na moto. Plagi zote zitoke. Petroli na moto wa plagi vikatwe kwa kutoa fyuzi. Mtu akanyage mafuta mpaka chini ili hewa iingie, na starta izungushe injini mizunguko mitano au sita kwa kila silinda, betri ikiwa imejaa.

Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi 150 na 200. Kitabu cha gari kitakupa ya kwako. Zaidi ya ukubwa wa namba, tazama tofauti. Silinda moja ikiachwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, iandike. Kisha tia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi la silinda dhaifu na upime tena. Namba ikipanda vizuri, oili imeziba pengo la ringi kwa muda, kwa hiyo ringi au ukuta wa silinda umelika. Isipopanda, hewa inatorokea kwenye vali au hedi gasketi.

Sasa sikiliza, maana hapa wengi hupotea: kompresheni nzuri *haimaanishi* ringi ni nzima. Pistoni ina ringi mbili za juu za kushikilia mgandamizo, na ya chini ya kukwangua oili. Ile ya chini ikigandishwa na kaboni, kompresheni husoma vizuri kabisa na gari linaendelea kunywa. Injini ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo, iliyomo kwenye Premio, Allion na Wish nyingi za 1.8, inajulikana kwa hilo. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo, baadaye pistoni ikabadilishwa. 2AZ-FE ya 2.4, iliyomo kwenye Harrier, Estima na Alphard, nayo ilisumbua hadi Toyota ikaweka mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa wateja wa Marekani. Kwa hiyo kama unayo mojawapo, haivuji, PCV ni mpya, moshi si wa vali na kompresheni ni nzuri, mshuku ni ringi ya oili.

Kwa gari lenye tabo, kabla ya yote haya fungua mpira unaotoka kwenye tabo. Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Ukikuta dimbwi, na tabo inacheza ukiitikisa, anzia hapo.

Baada ya kujua

Gasketi na sili za nje, badilisha. Hakuna la kujadili.

Sili za vali hazihitaji hedi itolewe. Fundi anayejua kazi hushikilia vali kwa hewa ya kompresa, au huingiza kamba kupitia tundu la plagi na kuipandisha pistoni mpaka ishike vali, kisha hutoa springi na kubadilisha sili moja moja. Mimi nilifanyiwa hivyo, kazi ya siku moja. Sili za zamani zilikuwa zimekauka kama kipande cha plastiki; ukizibana zinakatika.

Zilikaukaje? Kwa joto. Mwenye gari kabla yangu alikuwa akijaza rejeta maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Chumvi hujenga ukoko ndani ya rejeta, injini hupandisha moto, sili hukakamaa na ringi hupoteza nguvu ya springi. Kisha mtu huambiwa atoe thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, "kwa sababu Mombasa ni joto". Thamostati hufunguka injini inapofika karibu nyuzi 80, joto ambalo hewa ya Mombasa haifiki kamwe. Ukiitoa, injini hukaa baridi mno, petroli isiyochomeka huingia kwenye oili, na uchafu uleule niliopangusa kwenye PCV huanza kujijenga. Tia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), urudishe thamostati.

Kwa ringi zilizoganda, unaweza kujaribu kumimina dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye matundu ya plagi na kuiacha ilale usiku. Wakati mwingine inasaidia, wakati mwingine haifanyi kitu. Kabla ya kurudisha plagi lazima uzungushe injini matundu yakiwa wazi mpaka dawa yote itoke, la sivyo kioevu kitapinda koni rodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Halafu umwage oili na ubadilishe filta.

Oili nzito? Kama kitabu kinaruhusu 10W-40 kwa nchi za joto, kutoka 5W-30 kwenda huko ni sawa kwa injini iliyochoka. Kurukia 20W-50 kwenye injini yenye njia nyembamba za oili ni kuinyima oili asubuhi ili moshi upungue jioni. Na oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, usiinunue hata ukiwa na haraka.

Ukiamua kununua injini kutoka Japani badala ya kubadilisha ringi, usilipe kwa kuisikiliza tu. Chukua geji, upime kompresheni muuzaji akiwepo. Toa plagi uzitazame, toa kifuniko cha oili umulike ndani: chuma cha rangi ya asali ni kizuri, lami nyeusi iache hapohapo. Na PCV inunue mpya kabla injini haijaingia kwenye gari, hapo mkono unafika kwa urahisi.